Baraza Niliyoambiwa Nisiijenge

Nyumbani, 2 Februari

Baba Pacha,

Salamu baadaye, kwanza mchwa.

Jana nilikuwa natafuta beseni kubwa nyuma ya nyumba, nikaegemea lile rundo la mbao zako, mkono ukazama. Ubao wa juu kwa macho ulikuwa mzima, ndani unga mtupu. Nikafunua mabati, nikapangua rundo lote mpaka mgongo ukaniomba radhi. Za chini wamezimaliza, za katikati wamezianza, na walikuwa njiani kwenda juu. Nzima nimezisimamisha ukutani na kuzipaka oili chafu niliyoomba gereji. Zilizoliwa nimezichoma. Usiniulize ni ngapi, utakosa usingizi.

Nilipomaliza nikakaa juu ya ndoo, nikautazama mlango wetu wa nyuma. Mlango wa jikoni unaofunguka hewani, na chini yake mteremko unaopita kimo cha mtu. Uliuweka wewe tulipojenga, ukasema, "Hapa inakuja baraza ya mbao, Mama Pacha. Tutakaa tuone bonde lote." Pacha walikuwa wanatambaa, ukapigilia ubao kwa nje ya mlango wasije wakaanguka. Leo mmoja ana mume na mwenzake ana ndevu, na ubao uko palepale. Majirani wanauita mlango wa mashemeji: ukimchoka shemeji, unamwambia apitie huku. Utani huo nimeucheka miaka. Sasa umeniishia.

Basi sikuombi ruhusa, nakujulisha tu. Baraza naijenga mimi. Likizo yangu ya kazi ya kufulia hospitali inaanza wiki ijayo, mikono ninayo, mbao zipo. Baraza zote ulizowajengea watu mtaani hapa, ncha ya pili ya ubao niliishika mimi. Ulidhani nilikuwa nimefumba macho?

Nataka kitu kimoja tu kwako. Pima maji yako iko wapi?

La, ni viwili. Mwisho wa mwaka hukuja. Ukaleta barua ya mistari minne kwa mwandiko nisioujua. Nafahamu huko mnakojenga daraja mtandao haushiki na barua analeta dereva wa lori la saruji. Lakini dereva analeta tu, haandiki. Nani anakuandikia?

Mkeo,
Mama Pacha


Kambini, 11 Februari

Mama Pacha,

Barua nimeipata. Mimi mzima. Miwani imevunjika, ndiyo maana naandikiwa na kusomewa. Hilo limekwisha.

La baraza sikubali. Usiguse mbao. Pale nyuma ni mteremko, si uwanja wa kuanikia mashuka. Nguzo ikikosea kidogo chini, juu imemwangusha mtu. Mtaa mzima unaniita Timazi kwa sababu sijawahi kusimamisha kitu kikainama. Unataka watu waseme nini? Kwamba mke wa Timazi anapigilia misumari na mumewe yu hai? Nisitiri, mke wangu. Mbao zimengoja miaka yote hiyo, zitangoja na hii mvua moja. Nitakuja nijenge mwenyewe.

Pima maji imo ndani ya sanduku langu la vifaa. Sanduku lina kufuli, na ufunguo ninao mimi, shingoni.

Mumeo


Nyumbani, 20 Februari

Baba Pacha,

Kufuli lako lilikuwa zuri sana. Nimelikata kwa msumeno wa chuma wa fundi bomba wa hospitali, nikalikata taratibu, kwa heshima zote, maana ni mali ya mume. Vipande nimekuwekea kabatini, ukija utavizika.

Unasema mbao zitangoja. Mchwa nao wameahidi kungoja? Unasema nikusitiri. Mlango uliopigiliwa ubao ndiyo sitara? Unasema utakuja. Hiyo "nitakuja" yako imekuwa kama moshi wa jirani: harufu naipata, chungu sijakiona.

Mashimo ya nguzo nimechimba sita. Nilivuta kamba kutoka ukutani kama ulivyokuwa ukivuta wewe, nikapigilia vigingi, nikashika jembe na sururu. Udongo wa juu laini, wa chini unabishana. Siku ya pili jirani wetu wa juu akaja kwenye uzio na kikombe chake mkononi.

"Mama Pacha, unazika nani?"

"Wenye maswali," nikamwambia. "Lako ni lile la pembeni, nimelipanua kidogo kwa ajili ya tumbo."

Amekwenda. Ila kikombe nakiona dirishani kwake kila asubuhi.

Na miwani, Baba Pacha? Tangu nikujue, umeandika gizani, umeandika juu ya paa, umeandika vipimo kwenye kiganja changu. Hukuwahi kuvaa miwani ili uandike. Huu mwandiko ni wa mwanamke. Herufi zimenyooka kama mashuka yaliyotoka kwenye pasi, na mashuka nayajua. Sina ugomvi na mwandiko mzuri. Nina ugomvi na mume anayejificha nyuma yake.

Na wewe unayemsomea: salamu zako, mdogo wangu au dada yangu, sijui. Msomee hapa kwa sauti kubwa. Nikipata saruji tu, namwaga zege.

Mama Pacha


Kambini, 3 Machi

Mama Pacha,

Anayeniandikia ni mtunza stoo wa kambi, mwanamke mwenye heshima zake, na maneno yako ya mashuka hayakumpendeza. Amesema tu nikuandikie kwamba anakurudishia salamu.

Kuna watu wanaishi na vichwa vigumu na kuna wanaozikwa navyo. Nakukanya tena: acha. Hujui ufanyalo. Nguzo ukizichomeka kwenye udongo mtupu zitaoza kabla hujamaliza kujisifu. Ukizizamisha ndani ya zege zitakunywa maji na kuoza vilevile. Zege linatangulia chini, linapandishwa juu ya ardhi kiasi cha shibiri, kunachomekwa chuma, na nguzo inakaa juu yake. Hili si fundisho. Ni onyo.

Nimemwagiza mdogo wangu aje akusimamishe. Mpe heshima yake, anakuja kwa jina langu.

Mumeo


Nyumbani, 12 Machi

Baba Pacha,

Mdogo wako amekuja. Alivaa shati la kwendea kwenye misiba. Akakohoa mlangoni, akakataa kiti.

"Shemeji, kaka amesema usimame."

"Nimesimama," nikamwambia. "Wewe ndiye unayeegemea ukuta. Hebu shika nguzo hii, inanielemea."

Akashika. Angefanya nini, na mimi nimeshaiachia? Akashika mpaka nilipoipima pande mbili, nikaipigilia mhimili wa kuizuia. Alipotaka kuanza tena habari za kaka, nguzo ya pili ilikuwa tayari begani kwake. Jioni akaniambia shati limeharibika. Nikamwambia aliache, mimi si ndiye dobi? Keshokutwa anakuja kulichukua, na nimemwambia avae la kazi.

Onyo lako la zege nimelipata kwa wakati. Nililiogopa sana. Nimelifuata neno kwa neno.

Mwambie mtunza stoo kwamba la mashuka nilikuwa nasifia. Kwetu kwenye chumba cha kufulia, shuka lililonyooka ni sifa kubwa kuliko uso mzuri. Lakini bado namuuliza, naye asijifanye hakusikia: mume wangu ana nini?

Mama Pacha


Mtaani, 24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa siri, nakuomba usinitaje.

Ulinituma nimsimamishe shemeji. Nimeshindwa, na kusema kweli nilishaanza kuipenda kazi yenyewe. Tulisimamisha nguzo zote, tukafunga boriti, ikawa inapendeza. Kisha mvua ikaja kabla ya siku zake. Ilinyesha usiku kucha, maji yakashuka kutoka kwa jirani wa juu yakakata udongo chini ya nguzo mbili za bondeni. Asubuhi shemeji akatoka kuziegemeza, peke yake, hakuningoja. Fremu yote ikalala upande wa bonde, na boriti moja ikampiga bega. Halijavunjika. Anakwenda kazini mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, na watu wakimuuliza anasema ni mtindo.

Majirani walijaa kutazama. Yule mwenye kikombe akasema kwa sauti, "Ndiyo hasara ya mwanamke kuvaa suruali ya mumewe." Shemeji hakumjibu. Hilo ndilo lililoniogopesha, kaka, kwamba hakumjibu. Siku nzima alikaa jikoni akiutazama mlango wake.

Kesho yake nimekwenda kumpa pole, nimemkuta ameketi juu ya boriti, anang'oa misumari iliyopinda kwa mkono mmoja na kuinyoosha juu ya jiwe. Ameniapisha nisikuambie kwamba imeanguka. Nimeapa. Kwa hiyo hujui.

Njoo, kaka. Kama huwezi kuja, tuma akili.

Mdogo wako


Kambini, 2 Aprili

Mama Pacha,

Hujambo? Nimekuwa nikiwaza tu kuhusu ule mteremko, kama mtu awazavyo akikosa la kufanya.

Pale maji yanatoka juu kwa jirani. Kabla ya nguzo, chimba mtaro upande wa juu, uzungushe nyumba, uyapeleke pembeni. Maji hayashindwi kwa nguvu, yanashindwa kwa kuonyeshwa njia.

Nguzo za bondeni zipelekwe chini zaidi, mpaka sururu igome. Kati ya nguzo na nguzo weka mbao za mshazari, mbili zinazokatana, kwa sababu mteremko hausukumi chini tu, unasukuma upande. Boriti inayolala kwenye ukuta wa nyumba usiipigilie misumari. Ifunge kwa bolti ndefu zinazopenya ukuta, na ndani uweke bati la kukazia. Hiyo ndiyo mama wa baraza yote, ikishika yeye wengine watamfuata.

Mbao za sakafu usizibananishe. Acha kati yake nafasi ya unene wa msumari, maji yapite. Na upande wa ubao unaokaa juu ni ule ambao miviringo ya mti inatazama chini, usije ukakusanya maji kama sahani.

Nimejaribu mpango huu. Unasimama.

Usibebe boriti kwa bega moja. Mwite mdogo wangu.

Mumeo


Nyumbani, 19 Aprili

Baba Pacha,

Bega? Nani kakuambia habari za bega? Nimemwita mdogo wako, nikamtazama tu, akaanza kutokwa jasho. Kumbe katika ukoo wenu hakuna anayeweza kunyamaza isipokuwa wewe.

Haya, ilianguka. Sasa imesimama. Mtaro umechimbwa, na siku ya mvua kubwa nilisimama mlangoni nikayaona maji yakipita pembeni na adabu zake. Bolti zimepenya ukuta. Mshazari umekatana. Mdogo wako na mimi tuliruka juu ya fremu kama watoto, haikutikisika. Jirani wa juu naye alitazama. Safari hii nilimjibu, lakini siandiki nilichosema, maana anayekuandikia ana heshima zake.

Barua ile nimeisoma mara nyingi. Ni yako, hata kama mkono si wako. Nilikusikia ukiongea. Ndiyo maana sasa nakuuliza kwa mara ya mwisho, bila utani. Mtu anayeujua mteremko wangu namna hiyo akiwa mbali, kwa nini haji kuuona? Mwaka jana ulikuja mara mbili. Mwaka huu hata likizo huitaji. Ukiulizwa la mkono unajibu la miwani.

Kama umehamia kwenye nyumba nyingine, niambie. Sitakufa. Nitaipaka baraza rangi niitakayo mimi, nitakaa juu yake na pacha wangu wakija, na jina lako nitalitaja kwa heshima kama la marehemu. Lakini usiniweke mlangoni nikichungulia. Nimechoka na milango ya namna hiyo.

Mama Pacha


Kambini, stoo, 28 Aprili

Dada Mama Pacha,

Shikamoo. Mwandiko huu unaujua. Leo maneno nayo ni yangu, na mumeo hajui kama naandika. Akijua atanuna, na anune.

Hana nyumba nyingine. Wala miwani haikuvunjika. Barua zako anazisoma mwenyewe, tena anazirudia, na ile salamu uliyonitumia mimi alinipa nikaisoma kwa macho yangu.

Mwezi wa Novemba mashine ya kukatia mbao ilimchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vimebaki gumba na kile kidogo. Nilikuwa karibu, nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwani tukamkimbiza zahanati. Kidonda kimepona vizuri. Yeye ndiye hajapona. Walimhamishia langoni, anafungua na kufunga magari yakipita, na hapo amekaa. Nilimwambia, "Mzee, nenda nyumbani." Akanijibu, "Niende kama nani? Kila nyumba ya mtaa ule nimeishika kwa mkono huu. Nikapite nikiwa nimeuficha?"

Ile barua ya mwezi huu ya mtaro na mshazari, dada, sikuwahi kuona kitu kama kile. Siku yake ya mapumziko alikaa nyuma ya stoo na mbao za masanduku ya misumari. Akaunda baraza ndogo, ya kutosha kulala paka, yote kwa mkono wa kushoto. Akaiweka juu ya kilima cha mchanga na kuimwagia maji kwa ndoo. Ikaanguka. Akaiunda tena. Watu wa zamu walimcheka, hakugeuka. Iliposimama na maji yakapita pembeni, ndipo akaniita niandike. Alisema, "Ameumia bega. Hawezi kuumia mara ya pili kwa ajili yangu."

Siombi umsamehe wala usimsamehe. Nimechoka tu kuandika uongo kwa mwandiko ambao mama yangu aliusumbukia.

Mdogo wako,
Mtunza stoo


Nyumbani, 5 Mei

Baba Pacha,

Najua. Usimguse kwa neno aliyeniambia. Ukimgusa, umenigusa mimi.

Niliposoma nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nimevililia vidole vyako, maana navijua kimoja kimoja, na kile cha kati kilikuwa na kovu la patasi ulilolipata ukitengeneza kitanda cha pacha. Nimelia nikamaliza. Kisha nikainuka nimekasirika, na ninaandika kabla hasira haijapoa, kwa sababu naihitaji.

Sikukasirikia mkono. Mkono ni ajali. Nimekasirika kwa sababu ulijua hutakuja, na bado ukaniandikia ningoje. Ulinikataza kujenga ili mimi niendelee kuwa mke wa fundi anayekuja kesho. Ulitaka nikae ndani ya ile picha yako ya zamani, nisitoe hata mguu nje. Hapo ndipo uliponikosea, Timazi, na hilo nitalisamehe polepole, usiniharakishe.

Unauliza uje kama nani. Mwaka ule mvuke wa mashine ya kufulia uliponiunguza mgongo wote, nikawa nalala kifudifudi na kunuka dawa, ulinirudisha kwetu? Uliniuliza mimi ni nani sasa? Ulinipaka mafuta kila asubuhi ukiimba vibaya. Au wewe peke yako ndiye uliyepewa ruhusa ya kumpenda mtu aliyeharibika?

Sasa nikupe hali ya kazi. Baraza imesimama, sakafu imekwisha, ukingo umefungwa. Ule ubao wa mlangoni nimeung'oa mwenyewe. Imebaki ngazi ya kushukia bondeni, na ngazi imenishinda. Nimeharibu mbao mbili ndefu, vipandio havitaki kulingana. Sijakuachia kazi kwa huruma. Ningeiweza, ningeimaliza na kukuandikia kwa majivuno mpaka ukome. Siiwezi. Mbao ndefu zimebaki mbili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nazikata, uwepo usiwepo.

Usipokuja, nitapanda hilo lori la saruji nije nikuchukue langoni mbele ya kambi nzima. Sauti yangu unaijua.

Mkeo


Kambini, 13 Mei

Mama Pacha

Hizi ni herufi za mkono wa kushoto. Zimelewa, zivumilie.

Ngazi usikate. Kosa lako unasahau unene wa ubao wa kukanyagia, ndiyo maana cha chini kinazidi na cha juu kinapungua.

Sikupenda ulivyoniandikia. Ni kweli yote.

Nisipokewe stendi. Nakuja.

Timazi


Nyumbani, 9 Juni

Mdogo wangu,

Hii nakuandikia wewe, na huna haja ya kumsomea mtu.

Alifika Alhamisi mchana, jua kali, yeye amevaa koti na mkono umo mfukoni. Hakunisalimu vizuri. Alipita sebuleni, akapita jikoni, akasimama kwenye mlango wa nyuma ulio wazi. Akavua viatu. Akatoka nje juu ya mbao, akapiga magoti, akachukua pima maji niliyoiacha pale, akaiweka chini na kuitazama muda mrefu.

"Upande huu umeshuka," akasema.

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo mama wa nyingi."

"Ruka," nikamwambia.

"Nini?"

"Ruka, mzee. Uone kama inashuka zaidi."

Akaruka. Kwanza kwa adabu, kisha kwa hasira, kwa uzito wake wote, koti likipepea. Baraza ikanyamaza kimya. Akaenda kuinama kwenye ukingo, akachungulia chini kwenye mshazari na zege, akakaa ameinama hivyo mpaka nikaogopa. Aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu. "Nani alikupigia bolti?" akauliza. Nikasema mimi. Akasema, "Zimekaza." Kwa Timazi, mdogo wangu, hiyo ni hotuba.

Ule mkono ulitoka mfukoni siku ya Jumamosi kwa sababu ya kazi, si kwa sababu yangu. Ngazi haipimwi kwa mkono mmoja. Yeye alichora kwa kushoto, akakandamiza ubao kwa goti na kile kiganja cha kulia, mimi nikakata. Tuligombana mpaka mdogo wake akatoroka. Mimi nikishika msumeno anapumua kwa nguvu kana kwamba namkata yeye. Mwishowe nikamtupia: "Basi kata wewe!" Akakata kwa kushoto. Kipandio kimoja tu, akatoka jasho la siku nzima, na kikapinda.

Akataka kukivunja. Nikakikalia.

"Ondoka. Timazi hawezi kuacha kitu kimepinda nyumbani kwake."

"Yule Timazi alikwenda darajani hakurudi," nikamwambia. "Aliyerudi amepinda kidogo, na mimi nimempokea. Pigilia."

Alinitazama sana, mdogo wangu. Sikujua kama atanipiga na nyundo au atacheka. Akapigilia. Msumari wa kwanza aliukosa akajipiga gumba la kulia, akatukana tusi ambalo sijalisikia tangu tujenge nyumba hii.

Hapo ndipo jirani wa juu alipofika kwenye uzio na kikombe chake.

"Fundi, karibu nyumbani! Naona siku hizi mama anapiga nyundo na wewe unashika ubao. Na huo mkono unauficha nini, umetuletea zawadi?"

Kwa kweli Timazi alikuwa ameshaurudisha nyuma ya mgongo. Nilifungua mdomo nimjibu kwa niaba yake. Jibu nilikuwa nalo, tena kali. Lakini nikamwona anainuka. Alipanda ngazi yake mpaka juu ya baraza, akasimama pale ambapo mtaa mzima unamwona, akautoa mkono na kuunyanyua juu.

"Mashine ilichukua vitatu," akasema, na sauti ilifika barabarani. "Viwili vilivyobaki vinatosha kukuonyesha njia ya kwako. Na baraza hii amejenga mke wangu. Ukitaka yako, mwombe yeye, na ujipange, maana ni mkali kuliko mimi."

Jirani aliweka kikombe juu ya uzio. Akasema pole, na safari hii ilikuwa pole ya kweli. Timazi akaipokea kwa kuinamisha kichwa. Mimi niliingia ndani kama ninayefuata misumari, nikasimama mbele ya vyombo nikalia kidogo, nikanawa uso, nikatoka na misumari.

Langoni harudi. Wape wakubwa habari, na sanduku lake mpe dereva wa lori. Hatujui bado tutaishi vipi, sisemi uongo. Usiku anaamka anaushika ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine, na juzi alimfokea mdogo wake bila sababu. Lakini asubuhi anatoka nje bila koti.

Ukipata likizo, njoo. Si ombi, nimeshakutandikia. Usipitie mbele kama mgeni, zunguka huku bondeni, uipande ngazi. Kipandio cha tatu ndicho kilichopinda. Ukifika hapo, kanyaga katikati.

Dada yako,
Mama Pacha